Rejea Barua Yako

Baba yangu alitumika katika balozi nne za Tanzania kwa jumla ya miaka 17, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa balozi wala mwambata, wala mtu ambaye picha yake ingetokea gazetini akipeana mkono na waziri. Alikuwa karani wa mawasiliano. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba chenye mlango wa chuma na kisicho na dirisha, kupokea na kutuma telegramu za siri, kuhudumia mashine ya teleksi, kisha kuufunga mfuko wa kidiplomasia uendao Dar es Salaam, kuutia lakiri na kuuandikisha katika daftari. Afanyaye kazi ya namna hiyo vizuri haonekani. Huonekana siku moja tu, siku ujumbe unapopotea. Wengi waliokuja kumzika Muheza mwaka 2019 walidhani alikuwa mwanadiplomasia wa cheo kikubwa, kwa kuwa alikaa Ulaya, na sisi watoto wake hatukujisumbua kuwasahihisha siku ile, jambo ambalo yeye asingelipenda hata kidogo.

Katika kazi yake kila kitu kilikuwa na namba. Mfuko wa 14 ukifika, kisha ukafika wa 16, karani wa upande wa pili hangoji kuulizwa: anaandika mara moja kwamba wa 15 haujaonekana, kwa sababu namba iliyorukwa ni dalili kwamba kitu kimepotea au kimeangukia mikononi mwa asiyehusika. Vilevile kila kilichopokelewa hutolewa taarifa kwamba kimepokelewa, hata kama hakidai jibu lolote. Alipopelekwa Maputo mwaka 1976, Msumbiji ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, Baba aliihamishia kanuni hiyo nyumbani kwetu kama ilivyo. Barua yake ya kwanza kutoka huko, ambayo ninayo hapa mezani, imeandikwa juu upande wa kulia "Na. 1", na chini kabisa, baada ya salamu kwa majirani wote waliotajwa mmoja mmoja, imeandikwa: "Thibitisheni kupokea."

Alizaliwa Muheza mwaka 1942, mtoto wa mkata mkonge, na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kupiga telegramu katika Posta na Simu za Afrika Mashariki. Mwaka 1968 alichukuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Hakuwa ametimiza mwaka pale wizarani wakati Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alipouawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa katika kifurushi cha kitabu. Tangu siku hiyo Baba hakufungua bahasha kabla ya kuipapasa kwa vidole, pembe zote nne na katikati. Miaka 13 baadaye, Agosti 1982, Ruth First, mpinzani wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, aliuawa Maputo kwa bomu la barua, akiwa ofisini kwake katika chuo kikuu kinachoitwa kwa jina la Mondlane mwenyewe, na Baba, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Harare, alituandikia kwamba anaomba kadi zetu za Idd ziwe za karatasi laini, zisizo na kitu kigumu ndani. Mdogo wangu alikuwa amembandikia kitufe cha shati kiwe jicho la ndege. Kadi ile ilimfika salama, lakini alitueleza kwamba aliizunguka mezani kwa muda mrefu kabla ya kuifungua.

Kwa nini hatukuishi naye huko? Mwaka wa kwanza Mama alikwenda Maputo akakaa naye, kisha Bibi, mama yake Baba, akaanguka na kuumia nyonga, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwinua kitandani. Mama alirudi. Ilikusudiwa kuwa kwa miezi mitatu. Sisi tulikuwa wanne, tukisoma shule za Muheza, na mimi niliyekuwa wa pili ndiye niliyepewa kazi ya kumjibu Baba kwa niaba ya nyumba nzima, kwa sababu kaka yangu alikuwa na mwandiko wa kuku na wadogo walikuwa bado hawajui kuandika. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Kila jibu lilipaswa kuanza na maneno "Rejea barua yako Na." kisha namba yenyewe. Siku nilipoandika "Baba mpenzi, sisi hatujambo" bila rejea, alijibu kwa upole kwamba amefurahi kusikia kuwa hatujambo, ila hajui hatujambo kwa tarehe ipi.

Alikuwa akiuliza maswali kwa kuyaorodhesha. Swali la 1: Bibi anakula nini asubuhi? Swali la 2: Bati la jikoni limezibwa au bado linavuja? Swali la 3: Ni nani kati yenu aliyemtupia jiwe mbuzi wa mwalimu? Nilipojibu mawili ya kwanza na kulipitia mbali la tatu, barua iliyofuata ilileta mstari mmoja peke yake juu ya kila kitu kingine: "Swali la 3 la barua Na. 12 halijajibiwa." Watu wanaponiambia leo kwamba ni lazima ilikuwa vigumu kulelewa na baba asiyekuwapo, hunijia mstari ule. Wapo baba waliokuwa wakirudi nyumbani kila jioni mtaani kwetu ambao hawakuwahi kujua kwamba kuna jiwe lililorushwa.

Hata hivyo sitaki kumfanya malaika, kwani kuna jambo ambalo mimi na yeye hatukuwahi kukubaliana. Mwaka 1983 nchi ilikuwa haina sabuni. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni, wanakumbuka nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai, na wanakumbuka msako wa Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, ambao uliwafanya wenye bidhaa za magendo kuzitupa porini usiku. Mama alimwandikia Baba kwa mkono wake mwenyewe, bila kunipitia mimi, akimwomba aweke miche michache ya sabuni katika mfuko wa kidiplomasia, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mifuko ya namna ile haifunguliwi na forodha. Ni kweli haifunguliwi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unakataza usifunguliwe wala usizuiwe. Lakini mkataba huohuo unasema kwamba ndani yake pawe na nyaraka za kidiplomasia na vitu vya matumizi rasmi tu, na Baba alijibu kwa sentensi ambayo Mama aliikariri kwa hasira hadi uzeeni: "Mfuko ule si wangu, na si wa balozi, na sabuni yako, mke wangu, si nyaraka."

Alituma miche minne miezi miwili baadaye, kwa msafiri aliyeilipia ushuru, na risiti ya ushuru akaiambatisha kwenye barua. Ninaheshimu alichokifanya, na nimekisimulia kwa wanangu. Lakini ni mimi niliyekuwa nikifua shuka za Bibi, ambaye kwa wakati ule alikuwa hawezi tena kutoka kitandani, na mikono yangu inakumbuka yale majani. Mara nyingine naona kwamba uaminifu wake ulilipiwa na watu waliokuwa mbali na chumba chake cha mlango wa chuma, na sidhani alipata kuliona hilo sawasawa.

Bibi alifariki Februari 1984. Kaka yangu alikwenda posta kupeleka telegramu, na kwa kuwa malipo yalikuwa kwa kila neno aliandika manne tu: MAMA AMEFARIKI MAZISHI LEO. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba habari za serikali zinamfikia balozi kabla chai haijapoa, aliipata habari ya mama yake baada ya siku tatu. Usiku ule alituandikia barua, akaiweka posta asubuhi, kisha akaanza kutafuta ruhusa na nafasi ya ndege. Alifika Muheza siku ya tisa, akashuka kwenye basi akiwa amevaa suti ya kijivu, na hakuingia ndani. Alipitiliza moja kwa moja hadi makaburini, nasi tukamfuata nyuma kwa mbali, tukamkuta amepiga magoti na suruali ile ya ofisini akiokota vijiti na majani juu ya udongo mbichi, kimoja kimoja, akivipanga pembeni kama mtu anayepanga mafaili. Mama ndiye aliyemwendea. Alikaa nasi wiki mbili, akarudi Harare.

Barua iliyofuata ilikuwa na namba 32. Niliiona namba hiyo. Nilikuwa na miaka 16 na nilikuwa nimeifanya kazi ya karani kwa miaka minane, hivyo nilijua kabisa kwamba ya mwisho niliyoithibitisha ilikuwa ya 30. Nilitafakari kidogo, kisha nikaandika "Rejea barua yako Na. 32", nikamjibu maswali yake, na sikusema lolote juu ya ile iliyorukwa.

Mwaka 1987 alipelekwa Stockholm. Barua za huko ndizo wajukuu wanazozipenda zaidi, kwa sababu zina theluji, na kwa sababu Baba alijitahidi mno kuielezea kwa watu wa Muheza ("chukueni pamba ya msufi mbichi, muilowanishe, kisha mfikirie kwamba inauma"). Aliandika pia kwamba katika barabara ya Sveavägen, kwenye kona ambapo Waziri Mkuu Olof Palme alipigwa risasi Februari 1986 akitoka sinema na mkewe, watu walikuwa bado wanaweka maua, na kwamba yeye alikuwa akipita pale kwa makusudi anapotoka kazini, ingawa haikuwa njia yake. Hakueleza sababu. Palme alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere na wa harakati za ukombozi, na Baba alikuwa amepitisha mikononi mwake karatasi nyingi zinazohusu harakati hizo, lakini nadhani kilichomgusa zaidi ni kwamba mtu mkubwa kiasi kile alikuwa akitembea kwa miguu kurudi nyumbani kwake na mke wake.

Mapema mwaka 1990, wiki chache baada ya kutoka gerezani, Nelson Mandela alifika Dar es Salaam, nami nilikuwa barabarani kati ya maelfu ya watu, nimepanda juu ya tofali, nikauona mkono wake na sehemu ya kichwa. Niliandika kurasa sita usiku uleule. Mwezi Machi, Mandela akafika Stockholm kumwona Oliver Tambo, kiongozi mwenzake wa ANC, aliyekuwa akitibiwa huko, na Baba naye akasimama kwenye baridi, akamwona, akaandika kurasa mbili, ambazo kwake zilikuwa nyingi. Barua zetu zilipishana njiani. Kila mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba hawezi kuamini alichokiona. Alichoniandikia baadaye kilikuwa kifupi: "Nathibitisha kupokea. Na mimi pia."

Kutoka Addis Ababa, kituo chake cha mwisho, hatukupata mengi. Alifika huko mwaka 1993, Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwaka uliofuata ikatokea Rwanda. Barua ya mwezi wa Mei 1994 ina salamu, ina swali moja juu ya ada ya mdogo wangu, halafu ina nafasi tupu ya nusu ukurasa kabla ya sahihi yake. Hakuwahi kusimulia alichokisoma kwenye mashine katika miezi ile, nasi tulijua kwamba si jambo la kuulizwa.

Alistaafu mwaka 1997 akarudi Muheza moja kwa moja, na hapo ndipo tulipoanza kuuona upande mwingine wa miaka 17. Alikuwa akibisha hodi katika nyumba yake mwenyewe. Si mara moja au mbili. Kwa karibu mwaka mzima alisimama mlangoni, akasema "hodi" kwa sauti ya chini, akangoja. Mama alikuwa akicheka mwanzoni, akimwambia, "Pita, bwana, nyumba ni yako," mpaka jioni moja alipoacha kucheka akaenda kumshika mkono na kumwingiza, na baada ya hapo alikuwa akimfuata mlangoni kila siku hadi tabia ile ilipoisha. Hakujua vikombe vinakaa wapi. Hakujua kwamba kaka hali samaki. Alijua tarehe ambayo kila mmoja wetu alipata surua, kwa sababu tulimwandikia, lakini hakujua ni nani anayeamka na hasira asubuhi, kwa sababu hilo hakuna aandikaye.

Kuhusu kiinua mgongo chake sitasema mengi. Alizungushwa na ofisi moja kwa miaka miwili kwa sababu faili lake lilikuwa halionekani. Yeye, ambaye hakuwahi kupoteza karatasi ya mtu! Alikuwa akipanda basi kwenda Dar es Salaam na nakala zake katika bahasha ya kaki, anarudi, anaandika tarehe na jina la aliyemhudumia, halafu anakwenda kumwagilia michungwa. Wajukuu ndio waliomponya. Aliwapangia zamu ya kulala kwake, akawaandikia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na mjukuu aliyekosa zamu alikuwa analia.

Ilikuwa mwaka 2003, tumekaa barazani tunamenya machungwa, aliponiuliza ghafla, huku akiendelea kuzungusha kisu ili ganda lisikatike.

"Mwanangu, ile barua ya 31 ya Harare mliionaje?"

Nilimwambia kwamba hatukuipata. Aliacha kumenya.

"Haikufika?"

"Haikufika, Baba."

"Mbona hukuniarifu?"

Nilikuwa na miaka 35, mama wa watoto wawili, na nilijisikia kama nimekamatwa na jiwe la mbuzi mkononi. Nilimweleza ukweli, kwamba niliiona namba imerukwa, lakini kwa kuwa katikati ya ile ya 30 na ile ya 32 yeye mwenyewe alikuwa amekuja, nilidhani amejihesabu. Nilidhani yeye ndiye Na. 31.

Alinitazama, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha kicheko kikamwisha polepole, akabaki anaangalia barabara. Aliniambia kwamba kwa miaka 19 aliamini kuwa tuliisoma. Aliamini tuliisoma tukaamua kutosema chochote, yeye akaliheshimu hilo, na ndiyo maana hakuuliza. Nilimwomba anieleze kilichokuwamo. Alifikiri kwa muda.

"Aliyeiandika alikuwa na miaka 42 na amefiwa na mama usiku ule," alisema. "Nikikueleza leo nitakuwa nakutungia."

Akaokota kisu, akamalizia chungwa, akanipa nusu.

Nimeishi na mazungumzo yale kwa muda mrefu kuliko jambo lolote alilowahi kuniandikia. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi nje ya nchi sasa, na ninapomtumia ujumbe kwa simu akakaa kimya siku mbili, simwachii kimya chake kijieleze chenyewe. Namuuliza: umeuona au hukuuona? Anadhani namsumbua. Basi na anisumbukie.

Baba alifariki akiwa na miaka 77, usingizini, baada ya homa ya siku nne. Katika msiba walikuja watu ambao hatukuwajua. Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa ubalozi wakati wa Maputo, alisafiri kutoka Mtwara, akatueleza kwamba kila Krismasi Baba alichukua zamu za Wakristo wote bila kuombwa, nao wakamchukulia za Idd, na kwamba yeye binafsi alijifunza kusoma katika chumba cha kungojea teleksi, kwa magazeti ya wiki iliyopita. Hilo halikuwamo katika barua yoyote.

Baada ya kisomo cha arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, Mama alitoa sanduku la bati. Tulikaa kwenye mkeka, sisi wanne na yeye, tukazisoma kwa mpangilio, kila mmoja barua moja kisha anampa mwenzake zamu. Maputo tuliimaliza kabla ya magharibi. Baada ya swala tukaanza Harare, ambayo barua zake za kwanza bado zimeandikwa Salisbury, mpaka jina la mji lilipobadilishwa Aprili 1982. Kaka alisoma ya 30, iliyokuwa na maswali manne, la kwanza likiwa "Bibi yenu anasikiaje maumivu ya mgongo?" Alipomaliza, mdogo wetu wa mwisho akaichukua ya 32 na kufungua mdomo aanze.

"Ngoja kidogo," Mama akasema.

Tulingoja. Taa ilikuwa inavuma, na nje watoto walikuwa wanakimbizana. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama tulivyokuwa wote wakati wa kusikiliza, na alikaa hivyo kwa muda unaotosha barua ya kurasa mbili kusomwa bila haraka. Kisha akajifunika vizuri khanga yake.

"Haya," akasema. "Endelea."